Chuma, Alumini na Mzigo wa Nyuma

Uliza waendesha baiskeli wa Ndhiwa fremu ipi ni bora na ubishi utazuka papo hapo. Anayepeleka mahindi kisiagi ataitetea Black Mamba: chuma kitupu, magurudumu ya inchi 28, breki za fito, kerea pana. Kijana atakuonyesha baiskeli ya mtumba yenye gia na fremu ya alumini, kisha ainyanyue kwa mkono mmoja.

Kwa ujazo uleule, chuma ni kizito karibu mara tatu kuliko alumini. Lakini pia ni kikakamavu karibu mara tatu, ndiyo maana bomba za alumini hutengenezwa nene: upana ndio unaofidia ulegevu wake. Chuma kina sifa nyingine ninayoithamini zaidi. Kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha nguvu, kinaweza kuvumilia bila kikomo. Alumini hujikusanyia uchovu hata kwa mitikisiko midogo, na barabara ya murram ni mitikisiko mitupu.

Halafu kuna fundi. Chuma kikikatika, fundi yeyote wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea atakiunga, kazi iendelee siku hiyo hiyo. Alumini inataka mashine na gesi yake, na hata ikiungwa vizuri, sehemu iliyopata moto hubaki dhaifu isipotibiwa upya kwa joto. Kwa hiyo anayechagua chuma huwa amenunua na karakana zote za njiani.

Wengi husema chuma ni laini kukalia. Sikubaliani nao sana. Ulaini wa Black Mamba unatokana zaidi na uma uliopinda mbele, umbali kati ya magurudumu, spring za kiti na tairi nene.

Mkao nao una hesabu yake. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah, alishinda Tour de France mwaka 2013 akiwa ameinama juu ya fremu ya kaboni. Mwendo ukiongezeka maradufu, upinzani wa upepo huwa mara nne, basi kuinama kuna faida. Uzito mdogo pia, ingawa tangu mwaka 2000 kanuni za mashindano hayo haziruhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Mwenye gunia nyuma hashindani na upepo. Anahitaji kukaa wima, usukani mpana, na uwezo wa kwenda polepole bila kuyumba. Mlimani anashuka na kusukuma, wala haoni aibu.

Kijana wa alumini hajakosea, mradi habebi zaidi ya nafsi yake. Shida huanza anapotoboa fremu ili afunge kerea ya chuma: ufa hupenda kuanzia kwenye tundu. Anayenunua mtumba atazame hapo kwanza, kisha shingo ya fremu, na rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba aiogope kuliko kutu.