Kipimo cha HER2 Chafungua Njia ya Tiba Inayolipiwa na SHA

Kufuatia makubaliano ya mwaka 2025 baina ya Wizara ya Afya ya Kenya na kampuni ya Roche, gharama ya dawa ya Herceptin kwa wagonjwa wa saratani ya matiti ilipunguzwa kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila awamu ya matibabu. Kiasi hicho hulipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Hata hivyo, dawa hiyo haimfai kila mgonjwa. Hulenga seli za saratani zenye protini ya HER2 kupita kiasi, hali inayopatikana kwa takriban asilimia 15 hadi 20 ya wagonjwa. Hali hiyo hubainishwa kwa kupima maabarani kipande kidogo cha uvimbe. Matokeo ya 3+ huthibitisha kuwa protini imezidi. 0 au 1+ huonyesha kuwa haijazidi. Ilhali 2+ huhitaji kipimo cha pili.

Kwa hivyo, mgonjwa asiyepimwa anaweza kuikosa tiba inayomfaa, hata kama amelipa michango yake yote. Ni muhimu amuulize daktari, mara saratani inapothibitishwa, iwapo kipimo hicho kimefanywa, na ahifadhi nakala ya majibu.