Ndoto za mchana, mawazo na dira: nani anapewa neno gani?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo (ingawa najua itatukuta mbele ya safari). Nataka tuongelee maneno tunayomtupia mtu ambaye mwili uko hapa lakini kichwa kimesafiri. Hapa Mchikichini, kwenye mitumba, utayasikia karibu yote kabla ya saa nne asubuhi.

Mwenye meza kakodoa macho barabarani. Mteja kashika shati, kauliza bei mara mbili, kimya. Jirani atamwambia, "Oya, uko mbali!" Hiyo ni lugha ya upole. Akichoka atamwambia "umezubaa". Halafu mama lishe akikuta sahani haijaguswa, atauliza, "Mwanangu, una mawazo?"

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinaponifurahisha. Ukiambiwa "una wazo", umesifiwa. Ukiambiwa "una mawazo", umepewa pole: kodi ya chumba imefika, mtoto anaumwa, marejesho ya mkopo ni kesho. Wingi tu umegeuza sifa kuwa ugonjwa.

Ndoto nayo ina mambo yake. Ya usiku inakuja yenyewe, hakuna anayelaumiwa. Ongeza "za mchana", tayari umetukana mtu. Kuna njozi na ruya, maneno ya heshima, ya washairi na watu wa dini. Sijawahi kumsikia mpiga mnada akisema ana njozi. Yeye akitaka wewe ndiye uote anasema, "Hebu vuta picha, Ijumaa umelipiga hili shati!" Na picha ikivutwa, pochi nayo inavutwa.

Lakini tusi kubwa kuliko yote ni "ndoto za Alinacha". Wanasiasa wanalipenda sana, watangazaji wa mpira ndio usiseme. Wengi wanalitumia bila kukumbuka kisa chenyewe. Kinatoka kwenye Alfu Lela Ulela. Alinacha ni ndugu wa tano wa kinyozi. Alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akavipanga kwenye sinia, akakaa sokoni kungoja wateja. Huku anangoja, akaanza: nitauza kwa 200, nitanunua vingine, nitauza kwa 400, mpaka akawa tajiri, akamwoa binti wa waziri. Katika mawazo yake bibi harusi akambembeleza, yeye akajidai hamuoni, mwisho akampiga teke. Mguu ukaenda kweli. Sinia chini, vioo vyote kwisha.

Sasa angalieni vizuri, jamani. Zile hesabu hazikuvunja hata glasi moja. Kilichovunja ni teke, yaani majivuno ya kumdharau mtu kabla hata hujawa na kitu. Na kuna kipande tunachokisahau kabisa: akiwa bado analia pale, alipita mama mmoja tajiri akielekea sala ya Ijumaa, akamhurumia, akampa mfuko wa dinari 500. (Baadaye alilaghaiwa na kuibiwa, lakini hayo ni mengine, na hayakutokana na kuota.)

Naleta kisa hiki kwa sababu kuna jamaa yangu hapa sokoni alipeleka hesabu zake kwenye taasisi moja ya mikopo, jina naliweka kapuni. Aliziandika kwenye daftari la shule: belo moja, faida iwe belo la pili, mwakani fremu ndogo Kariakoo. Afisa akacheka. "Kijana, hizi ni ndoto za Alinacha." Hesabu zile zile, zingechapwa kwa kompyuta na kuwekewa jalada la plastiki, zingeitwa mchanganuo wa biashara. Mchungaji angeziita maono. Serikali ingeziita dira.

Sitanii. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga uchumi wa dola za Marekani trilioni 1. Hakuna afisa aliyecheka, na sisemi wacheke. Nchi isiyopiga hesabu za mbele itafika wapi? Hapa hapa jirani tuna jengo la Machinga Complex, ambalo kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu kwa sababu wateja hawakupanda huko. Hiyo nayo ilikuwa picha kichwani mwa mtu. Ila mwenye picha alikuwa na ofisi, basi ikaitwa mradi.

Na vioo havivunjwi na mateke peke yake. Januari 2022 soko la Karume lilipoteketea, vya wengi vilivunjika na hakuna aliyekuwa ameinua mguu.

Shaaban Robert aliwapa watu kama hawa maneno yenye adabu zaidi. Vitabu vyake viwili vina majina ya nchi: Kusadikika (1951) na Kufikirika, kilichotoka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kinachofikirika ni kile kinachoweza kufikiriwa, basi, hamna dharau ndani yake. Ila kule Kusadikika, nchi ya hewani, wajumbe sita wanarudi na habari za mambo mazuri waliyoyaona kwingine, na wanachopata ni kifungo.

Jamaa yangu hakufungwa, alinyimwa tu. Akachangishana na wenzake wawili wakanunua belo la nguo za watoto. Nilikuwepo siku ya kulifungua. Belo ni bahati nasibu, unalipa kwanza ndipo unaona kilichomo. Kabla mikanda haijakatwa nikamtania, "Vipi, umeshaanza kuota?"

"Hapana kaka," akasema, hajaniangalia hata. "Napiga hesabu."

Haya, huko kwenu mnasemaje? Tupeni na maneno yenu.