Mnyama anayecheua ndiye anayeuzika

RUBAVU. Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe au mbuzi upande huu na kumvusha kwenda Goma hulipia mnyama, gari na karatasi za mpakani kabla hajaona faida. Mnyama akivimba tumbo na kufa njiani, fedha zote hizo zimekwenda na maji. Hasara hiyo mara nyingi huzuilika kwa anayejua jinsi tumbo la mnyama linavyofanya kazi, jambo ambalo hata mtoto wa shule ya msingi akielezwa huelewa.

Pipa la kuchachusha

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele ya juu. Ng'ombe huzoa nyasi kwa ulimi, hukata na kumeza bila kutafuna sana. Nyasi huingia chumba cha kwanza cha tumbo, kiitwacho rumeni, kilichopo ubavu wa kushoto. Kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100.

Humo nyasi huchachuka, kama ndizi zinavyochachuka kuwa urwagwa, au kasiksi kwa majirani zetu wa Kongo. Wanaofanya kazi hiyo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, mabilioni kwa mabilioni. Wao huvunja nyuzi za nyasi ambazo ng'ombe mwenyewe hawezi kuzisaga, naye hupata nguvu kutokana na kazi yao.

Akishashiba, mnyama hutulia na kucheua: hurudisha tonge mdomoni, hulitafuna taratibu, kisha hulimeza tena. Ng'ombe hufanya hivyo kwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Mate yake, yenye chumvi ya aina ya magadi, hupunguza ukali wa tindikali tumboni.

Chumba cha pili kina vijumba kama sega la nyuki, na ndimo hunasa misumari na nyaya anazomeza kwenye takataka za sokoni. Cha tatu kina mikunjo kama kurasa za kitabu na hukamua maji. Cha nne ndicho kinachofanana na tumbo la binadamu.

Hatari ya njiani

Uchachushaji hutoa gesi nyingi, na mnyama huitoa kwa kubeua. Mbuzi aliyefungwa miguu na kulazwa ubavu ndani ya gari hubeua kwa shida, kwa kuwa majimaji ya tumboni huziba mlango wa umio. Gesi hujaa, tumbo hubana mapafu, naye hufa kwa kukosa pumzi.

Hatari ya pili ni chakula cha ghafla. Mnyama aliyezoea nyasi za Gishwati akipewa mahindi mengi siku ya safari ili aonekane ameshiba, vijidudu hutengeneza tindikali kupita kiasi. Mnyama huharisha, hulegea na anaweza kufa. Machicha ya bia ni chakula kizuri, lakini huanzishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

La kufanya

Kabla ya kulipa, mtazame mnyama akiwa ametulia. Anayecheua kwa kawaida ana afya. Bonyeza ngumi nyuma ya mbavu za kushoto: utahisi tumbo likijikunja mara moja au mbili kwa dakika. Lisipojikunja kabisa, usimnunue kabla daktari wa mifugo hajamwona.

Msafirishe akiwa amesimama. Akishuka, mpe maji, nyasi kavu na muda wa kupumzika ili acheue.

Ubavu wa kushoto ukivimba kama ngoma, msimamishe, miguu ya mbele iwe juu kuliko ya nyuma, na umwite daktari wa mifugo haraka. Usimtoboe kwa kisu: kutoboa ni kazi ya mtaalamu, na jeraha la kubahatisha linaweza kumuua yule uliyetaka kumwokoa.