Maji Kujaa na Kupwa katika Njia ya Uzi

Mtu asimamaye ufukweni Kizimkazi Dimbani, karibu na msikiti wa kale ambao maandishi ya kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107 B.K.), hutazama Ghuba ya Menai. Ndani ya ghuba hiyo, kaskazini-magharibi, jirani kabisa na pwani ya Unguja Ukuu, kipo kisiwa cha Uzi chenye vijiji viwili: Uzi na Ng'ambwa. Kati ya kisiwa na Unguja upo mkono mwembamba wa bahari uliosongwa na mikoko. Kwa vizazi vingi watu wameuvuka kwa njia mbili. Maji yakipwa, hupita juu ya njia ya mawe. Maji yakijaa, njia huzama, na msafiri hupanda chombo au huketi akangoja.

Kivuko hiki ni kifupi, lakini saa zake hazikupata kupangwa na ofisi yoyote. Mwenye kuzipanga ni mwezi, akisaidiwa na jua.

Aghalabu mwanafunzi hujibu kwamba mwezi huyavuta maji, nayo yakajaa. Jibu hilo ni nusu tu, maana halielezi kwa nini maji hujaa mara mbili kila siku. Mvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa hiyo maji yaliyo upande wa dunia unaoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kiini cha dunia, na kiini nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Maji ya mbele hutangulia, ya nyuma hubaki, na bahari huvimba pande zote mbili. Dunia ijizungushapo, pwani ya Unguja hupitia vimbe zote mbili. Lakini maadamu mwezi nao unasogea katika mzunguko wake, pwani hiyo hurudi chini ya mwezi baada ya saa 24 na dakika 50, si saa 24 kamili. Ndiyo maana njia iliyokauka leo saa 4 asubuhi hukauka kesho karibu na saa 5. Ratiba hii haijali kengele ya shule wala uchungu wa mama anayetaka kujifungua.

Nguvu ya jua katika kazi hii haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili hufuata mstari mmoja, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua. Katika bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Katika maji mafu, wiki moja baadaye, ni kama mita 1 tu. Mwenye kuifuata kalenda ya Kiislamu anayo tayari nusu ya hesabu hii, kwani tarehe zake hufuata mwezi.

Lipo jambo jingine ambalo wavuvi wa Kizimkazi na Uzi hulijua bila kitabu: bamvua ina saa zake. Hapa Unguja maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Basi avukaye asubuhi kwa miguu mikavu, akirudi alasiri, hukuta bahari.

Tena bahari hiyo haipandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo chote cha maji katika mafungu 12: katika saa sita za kujaa hupanda fungu 1, kisha 2, 3, 3, 2, na mwisho 1. Mwanafunzi na achukue bamvua ya mita 3.6, ambapo kila fungu ni sentimita 30. Kutoka saa 4 hadi saa 5 asubuhi maji hupanda sentimita 30 tu, na msafiri hudhani ana wasaa. Kutoka saa 6 hadi saa 8 mchana hupanda mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Aliyeanza safari akidanganywa na saa ile ya kwanza hushikwa katikati ya mikoko.

Hesabu hiyo hiyo hufaa kwa swali jipya zaidi. Vipimo vya satelaiti vinaonyesha kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 10 kati ya mwaka 1993 na 2023. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini kikichukuliwa kuwa ndicho kilichopanda Uzi pia, njia iliyo katika kimo cha kati, ambapo maji hupanda sentimita 90 kwa saa, huzama dakika 7 mapema na kufunuka dakika 7 baadaye.

Mtu angeweza kusema: basi njia na iinuliwe. Ukuta wa mawe mtupu, hata hivyo, huziba maji yanayoingia na kutoka, na mikoko hulishwa na maji hayo hayo. Humo samaki na kamba wachanga hujificha. Daraja lenye nguzo, ingawa gharama yake ni kubwa, humwezesha mtu kupita juu na bamvua kupita chini.