Abiria Wasioshuka: Korona, Kuruta na Pumzi Iliyopotea

Msomaji mmoja ameniuliza kuhusu kijana wake aliyeugua korona akiwa kwenye mafunzo ya kijeshi. Hakulazwa. Alipona, akarudi kwenye mstari, lakini mchakamchaka ukamshinda kwa miezi kadhaa na wakubwa wake wakasema ni uvivu. Mama anataka kujua kama kweli ni uvivu.

Kirusi ni nini na huambukizwa vipi, hayo yameshasemwa ya kutosha. Naenda moja kwa moja kambini, kwa sababu jeshi lina kitu ambacho hospitali nyingi hazina: kumbukumbu za mtu kabla hajaugua. Mgonjwa wa kawaida akisema zamani alikuwa na nguvu, daktari hana cha kulinganisha. Kuruta alishakimbizwa na muda wake ukaandikwa.

Kambi ya Airolo, kusini mwa Uswisi, iliingiliwa na korona mapema mwaka 2020. Baadaye watafiti waliwakimbiza tena kuruta 199, wengi wao wa umri wa miaka 21 hivi, kwa jaribio lilelile walilofanya takriban miezi 3 kabla ya hapo. Mbio hizo hutumika kukadiria kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Jina hilo ni refu mno. Mimi nitaliita kilele cha pumzi, maana hata watangazaji wa mpira husema mchezaji “ana pumzi” na hakuna anayedhani wanazungumzia mapafu peke yake. Kati ya waliougua wakapona, karibu mmoja kwa kila watano alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya kilele chake.

Marekani nako, kwenye meli ya kivita ya Theodore Roosevelt, mabaharia 1,271 kati ya 4,779 waliambukizwa mwaka huohuo na mmoja akafariki. Kwa hesabu ya vifo, karibu wote walipona. Lakini utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2024 kuhusu kuruta wa kikosi cha Marine, vijana wa miaka 18 na 19 hivi, ulikuta karibu robo ya walioambukizwa wakiwa na dalili zisizoisha. Hao walikimbia maili 3 kwa sekunde 25 zaidi ya kuruta wa miaka ya kabla ya korona.

Sekunde hizo zinapotelea wapi? Hapa ndipo penye utamu.

Ichukue seli nyekundu ya damu kuwa daladala. Mapafu ni stendi, msuli ni kituo, oksijeni ni abiria, na kila molekuli ya himoglobini iliyomo ndani ya seli hiyo ina viti vinne. Daladala hii haina konda. Kituo chenyewe ndicho kinachoshusha watu. Msuli unaofanya kazi hutoa joto, asidi na hewa ya ukaa, na vitu hivyo vikiifikia himoglobini huibadilisha umbo kidogo, viti vikalegea na abiria wakateremka. Msuli uliopumzika hushusha wachache. Paja linalopanda mlima linawaka, basi linashusha wengi. Hakuna amri inayotoka kwenye ubongo: uhitaji wenyewe ndio amri. Christian Bohr na wenzake walieleza athari ya hewa ya ukaa mwaka 1904 kule Copenhagen, na kwangu huu ni miongoni mwa ufundi mzuri kuliko wote mwilini. Kisha kuna barabara ya mwisho, kapilari, kichochoro chembamba kuliko gari lenyewe. Seli yenye upana wa maikromita 7 au 8 hujikunja ipite penye maikromita 5, ikisugua kuta, na kwa sababu ya kubanwa huko abiria ana hatua fupi tu ya kuingia kwenye msuli. Muda wa kituoni ni kama sekunde moja, pengine pungufu. Mtu mzima mwenye afya akikimbia hadi mwisho wa nguvu zake, takriban robo tatu ya abiria hushuka.

Watafiti wa Marekani waliingiza mirija kwenye mishipa ya damu ya watu 10 ambao korona iliwaachia uchovu, kisha wakawaagiza waendeshe baiskeli. Mapafu yalijaza magari vizuri. Moyo uliyatuma bila kusita. Lakini magari yalirudi stendi yakiwa bado na abiria wengi mno: oksijeni ilifika hadi mlangoni kwa msuli, ikarudi na magari. Ndiyo maana picha ya kifua ya mtu wa namna hii inaweza kutoka safi ilhali miguu yake inagoma. Huo si uvivu.

Watu 10 ni wachache, na vijana wengi hurudi sawa. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walikata vipande vidogo vya misuli ya wagonjwa wa korona ya muda mrefu kabla na baada ya mazoezi makali. Mitokondria zao, yaani vinu vya nishati vya seli, zilikuwa dhaifu, na baada ya mazoezi msuli ulionyesha majeraha zaidi. Kumwongezea mtu kama huyo mizunguko ya uwanja ili “achangamke” ni kumuumiza.

Madaktari wa jeshi la Uingereza katika kituo cha Stanford Hall walitoa mwongozo mwaka 2020: aliyekuwa na homa, kikohozi, maumivu ya kifua au kubanwa pumzi asifanye mazoezi kwa wiki 2 hadi 3 baada ya dalili kuisha, halafu aanze taratibu. Mama anaweza kuuchukua mwongozo huo hadi kambini, pamoja na muda wa mbio alioandikiwa mwanawe kabla hajaugua.