Mdanganyifu Amekwisha Kula: Nani Atalipa?

Umenunua kitu sokoni kwa fedha ya jasho lako. Kesho yake mtu anakushika mkono: «Hiki ni changu, nilidanganywa nikakitoa!» Ninyi wawili hamna kosa, na mdanganyifu amekwisha kula fedha. Hasara imwangukie nani? Tutazame shauri moja la Uingereza ambalo wanasheria hulitaja hata leo.

Katika njia ya Wood Street, London, palikuwa na wafanya biashara wenye heshima, jina lao Blenkiron. Mtu mmoja, Blenkarn, akapanga chumba katika njia ile ile. Akawaandikia Lindsay na wenzake, watengenezaji wa nguo za kitani huko Belfast, akaagiza bidhaa, akatia sahihi isomeke kama Blenkiron. Wakaamini, wakapeleka mizigo, wasilipwe. Yeye akauza leso dazeni 250, yaani leso 3,000, kwa Cundy, aliyezinunua kwa moyo safi na kuziuza tena. Blenkarn alihukumiwa, lakini hasara ilibaki. Lindsay wakamshtaki Cundy.

Mahakama ya kwanza ilimpa Cundy haki. Mahakama ya rufani ikaigeuza hukumu, na mwaka 1878 Baraza la Malodi likakata shauri: Lindsay hawakukusudia kamwe kupatana na Blenkarn; basi hapakuwa na mapatano, na leso zilibaki mali yao. Cundy akalipa thamani yake.

Sisi twaona hukumu hii ni nzito. Cundy angejuaje? Lakini Lindsay wangaliweza kuuliza: Blenkiron wa kweli walikaa nyumba namba 123, na mizigo ilipelekwa namba 37! Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilipima kwa njia nyingine. Hata mtu aliyeibiwa, akikuta mali yake kwa mtu aliyeinunua sokoni kwa moyo safi, hawezi kuichukua asipomrudishia kwanza bei aliyolipa.

Basi, wasomaji wapenzi, kati ya watu wawili wasio na hatia, twaona ni haki mzigo umwelemee zaidi yule aliyeweza kuuzuia udanganyifu kwa swali moja, naye hakuuliza. Tuulize kabla ya kukabidhi mali, tuulize kabla ya kununua. Na mdanganyifu asijidai kwamba kifungo kimemaliza deni: hata akitoka gerezani, yampasa kurudisha.