Nyasi Chini ya Mwembe, Mbwa Juu ya Nyasi

Mtu aliyejaliwa kiwanja chenye mwembe mkongwe, naye akawa anafuga mbwa wawili watatu wa kulinda maskani yake, aghalabu huenda kwa muuza mbegu na swali moja tu, kwamba nyasi zilizo bora ni zipi. Na muuzaji, ambaye hajauona mwembe huo wala njia wapitazo mbwa hao, humtolea pakiti yenye picha ya uwanja wa kijani na ahadi ya kuwa mbegu zilizomo huota hata kivulini. Ahadi hiyo si uongo huko ilikoandikwa. Pakiti za Ulaya zinazosifiwa kuwa za kivulini aghalabu huwa na mbegu za feskiu, jamii ya nyasi za nchi za baridi, ambazo kwao Uingereza hustahimili kivuli cha miti vizuri. Bali katika joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huchipua, hupendeza kwa muda mfupi, kisha hunyauka, na mwenye bustani hulaumu udongo wake usio na hatia.

Asili ya taabu hii ni kuwa kivuli na unyayo wa mbwa hudai tabia mbili zilizo nadra kukutana katika jani moja. Nyasi zinazostahimili kukanyagwa na kufukuliwa ni zile zenye mashina yapitayo chini ya ardhi, ambamo akiba ya chakula hukaa salama, hata juu pakichanika, chini husukuma machipukizi mapya. Lakini kujiponya huko huhitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo haina chimbuko jingine ila jua. Nyasi zinazoridhika na jua dogo, kwa upande wake, hutandaza majani mapana ili kukusanya mwanga uliopo, nazo huchelewa kufunika jeraha. Kwa hiyo anayetaka kuchagua kwa insafu hana budi aulize kwanza ni kipi kitakachoziumiza zaidi nyasi zake, kivuli au unyayo, na aulize hivyo kwa kila sehemu ya ua wake, maana jibu la ukutani silo jibu la chini ya mti.

Ukoka ndio mfano wa tabia ya kwanza. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliuandika katika orodha yake ya mimea mwaka 1753, lakini wachungaji waliujua zamani sana kabla yake. Hupita juu na chini ya ardhi kwa pamoja, huvumilia ukame, hukubali kukatwa hadi sentimita mbili au tatu, na mbwa akiufukua leo, mvua ikinyesha huziba pengo lake. Mbegu zake hupatikana madukani, nazo ni ndogo mno, kilo moja ikibeba zaidi ya milioni 3. Gramu 5 hadi 10 hutosha mita moja ya mraba, zikichanganywa na mchanga mkavu ili mkono upate kuzitawanya sawasawa, zikakandamizwa bila kufukiwa sana. Na zikinyweshwa kila siku huchipua baina ya wiki moja na tatu, ikiwa sisimizi hawakuzihamisha. Ila ukoka una kiu ya jua. Usipopata saa sita za jua kamili kwa siku, hurefuka kwa kulitafuta, huwa mwembamba, hupungua, na hatimaye huacha udongo uchi. Chini ya mnazi, ambao kivuli chake ni chepesi na huhama kwa upepo, ukoka waweza kuishi. Chini ya mwembe, ambao hauachi kuwa na majani mazito mwaka mzima, hauwezi, na hakuna mbolea itakayouwezesha.

Kwa kivuli cha mwembe watu wa pwani tunayo hazina yetu wenyewe, nayo ni nyasi zijulikanazo kwa watunza bustani kama nyasi za Pemba. Majani yake ni mapana, ncha zake butu, na matawi yake manene hutambaa juu ya ardhi yakiteremsha mizizi katika kila fundo. Asili yake ni pwani na visiwa vya Bahari ya Hindi, basi mchanga na chumvi si vigeni kwake, na saa tatu au nne za jua, hata lililochujwa na majani ya mti, huzitosheleza. Aulizaye mbegu zake dukani aghalabu hurudi mikono mitupu, na hapa ndipo ningependa msomaji atue: nyasi zilizo bora kwa kivuli cha pwani hazipandwi kwa mbegu, bali kwa vipando. Huombwa au hununuliwa kwa gunia kutoka bustani iliyokwisha kustawi, hukatwa vipande vyenye mafundo matatu au manne, na kila kipande hulazwa katika kifereji, mafundo mawili ndani ya udongo na majani nje, shubiri moja baina ya kimoja na kingine. Wakati wake ni mwanzo wa masika, ili mvua ifanye kazi ambayo ndoo haiwezi. Zikiisha kushika zisikatwe chini ya sentimita sita au saba, kwani urefu wa jani ndio unaofidia upungufu wa mwanga; mfyekaji aliyezoea ukoka huzinyoa hadi udongoni, na huo huwa ndio mwanzo wa kufa kwake.

Walio Nairobi, Arusha au Lushoto wana nyasi za Kikuyu, zenye asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, zilizopelekwa hata Australia na Afrika Kusini. Mbwa hawaziwezi kwa urahisi. Lakini kivuli kizito huzidhoofisha nazo pia.

Kabla ya kununua chochote, mwenye ua na apime kivuli chake kwa siku moja. Asimike vijiti penye ukingo wa kivuli saa tatu asubuhi, kisha saa sita, kisha saa tisa alasiri. Mahali palipokuwa ndani ya kivuli nyakati zote tatu ni pa nyasi za Pemba, au pa kuachwa bila nyasi kabisa. Palipopata jua nyakati mbili au zaidi ni pa ukoka. Na matawi ya chini ya mwembe yakipunguzwa hata yawe juu ya kimo cha mtu mara mbili, jua la asubuhi na la alasiri hupenya ubavuni, jambo linalofaa kuliko mbegu ya bei yoyote.

Mbwa naye ana mazoea yake, na anayemtazama kwa siku chache huyasoma ardhini. Mbwa wa ulinzi hakimbii ovyo: hufuata ukuta, hurejea mlangoni, hulala penye udongo wa baridi kando ya shina, na njia yake hushindiliwa hata mtalimbo ukisukumwa kwa mkono hauingii upana wa kidole, ilhali hatua mbili pembeni huzama. Katika njia hiyo isipandwe nyasi ya namna yoyote. Iwekwe changarawe au mawe bapa, kwa upana wa sentimita 60 hivi, naye ataifuata kwa kuwa ilikuwa yake tangu awali.

Madoa ya manjano yenye pete ya kijani kibichi ni athari ya mkojo. Wengi hudhani mkojo wa mbwa jike una ukali wa pekee, na dhana hiyo si sahihi. Mkojo una naitrojeni na chumvi; naitrojeni ni mbolea ile ile tuinunuayo, ila imemwagwa nyingi mno mahali padogo, katikati ikaunguza, na pembeni ilikofika kwa kiasi ikarutubisha. Jike hulaumiwa kwa kuwa huchutama na kuumwaga wote pamoja, ilhali dume hugawa kidogo kidogo mitini na kutani. Maji mengi yakimwagwa papo hapo huokoa majani. Doa likisha kukauka, hapana budi kupanda upya, na kivulini kupona huko huchukua muda mrefu zaidi.

Limesalia jambo lililo zito kuliko uzuri wa bustani. Mchanga wenye unyevu na kivuli ndio makao wayapendayo mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa. Kinyesi kikiachwa, mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hivi mabuu huwa tayari kupenya mguu mtupu. Kwa mtoto hutambaa chini ya ngozi yakiacha mistari myekundu yenye kuwasha. Basi kinyesi na kizolewe kila siku, mbwa wapewe dawa ya minyoo kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na watoto watengewe upande wa ukoka, ambako jua hukausha mabuu hayo. Upande wa mwembe, nyasi za Pemba zizungushiwe uzio mfupi wa fito dhidi ya mbwa kwa miezi mitatu ya kwanza, hata mafundo yake yashike ardhi kiasi cha kwamba mtu akilivuta tawi kwa mkono, litakatika kabla ya kung'oka. Hapo uzio waweza kuondolewa.